Fuma, tuma, tarizi: Cherehani inapozungumza na kompyuta

Msomaji mmoja wa safu hii, fundi wa sare za shule mjini Embu, ameniletea swali ambalo nimelibeba kichwani kwa majuma mawili. Alinunua mashine ya kutarizi beji, iliyokwisha kutumika, akaiunganisha na kompyuta yake ya nyumbani. Anasema mashine haikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni maneno. Siku moja alikuwa Meru kuchukua vitambaa, akampigia simu kijana anayejifunza kazi kwake: "Hiyo beji ifomati kwa flashi iwe DST." Kijana akatii. Akaifomati flashi. Beji za shule kumi na moja zikafutika, na muhula ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Fundi anauliza: "Kwani Kiswahili hakina maneno ya hii kazi, ama ni sisi hatuyajui?"

Swali ni la haki, na jibu lake linagusa pande zote mbili. Nianze na hilo lililomponza kijana. Neno "fomati" limeingia katika maongezi yetu likiwa na mizigo miwili. Kama nomino, fomati ni namna faili lilivyoandikwa ndani, yaani umbo lake. Kama kitenzi, kufomati ni kuifuta diski yote na kuitayarisha upya, kama shamba linalolimwa na kuondolewa kila mmea. Fundi alikusudia umbo, kijana akasikia kilimo. Kwa Kiswahili cha kawaida angesema, "Geuza hilo faili liwe DST, kisha ulinakili kwenye flashi." Ni maneno mengi kidogo, lakini kila kitenzi kina kazi yake moja na hakuna la kupotea.

Sisemi watu wa Embu na Meru waache kuchanganya ndimi. Ukiingia duka la sare mjini Embu, au pale Makutano mjini Meru, utakuta lugha nne katika chumba kimoja. Mteja anaeleza anachotaka kwa Kiembu au Kimeru. Kijana amesomea ushonaji chuoni kwa Kiingereza. Mashine yenyewe imetoka Japani au Uchina na kitabu chake cha maelezo. Maagizo ya kazi, hasa yale ya haraka haraka, yanatolewa kwa Kiswahili. Hii ni sajili halali ya kazi na wanaisimujamii wanaiandikia tasnifu. Hatari huja pale neno moja linapobeba maana mbili na moja kati yazo haina marudio.

Kazi yenyewe ina jina la zamani sana. Ile tunayoiita "embroidari" madukani ni kutarizi, na zao lake ni tarizi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na katika historia ya nchi za Kiislamu neno hilohilo la asili lilitaja ukanda wa maandishi uliotiwa kwenye mavazi ya wakuu. Kumbe kuandika jina la shule kwenye sweta ni kurudi nyumbani kwa neno. Kuna pia kudarizi, linalotumiwa na wengi kwa maana iyo hiyo, na nakshi, ambalo ni pana zaidi kwani hata mlango wa Lamu una nakshi na haujapigwa uzi wowote. Kina mama wa Lamu na Zanzibar wanaoshona kofia kwa mkono, kazi inayoweza kula miezi, wanatarizi. Fundi wa Embu anayebonyeza kitufe chekundu na kwenda kunywa chai naye anatarizi. Tofauti ni nani anayeshika sindano.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia, na hapo ndipo wateja wengi wanapokosea. Mwalimu mkuu anatuma picha ya beji kwa WhatsApp na kusema, "Nishakutumia beji, weka kwa mashine." Mashine ya kutarizi haisomi picha. Picha ni vidoto vya rangi, ilhali mashine inataka kujua mambo mawili tu: sindano isogee wapi, na ipige au isipige. Kwa hivyo lazima mtu akae kwenye kompyuta, aitazame picha na kuamua mishono ilalie upande gani, isongamane kiasi gani, ianzie wapi na uzi ukatwe wapi. Faili linalotokana na kazi hiyo ndilo linalokwenda kwenye mashine.

Kazi hiyo ya kuamua mafundi wanaiita "kudijitaizi". Kwa maoni yangu neno hili halifai, hata likiswahilishwa vizuri likawa kudijitisha. Picha iliyo kwenye simu tayari ni ya kidijitali. Hakuna anayeidijitisha tena. Kinachofanyika ni kupanga mishono, na hilo ndilo jina ningependekeza. Anayeifanya asiitwe mpangaji, maana kesho ataulizwa kodi ya nyumba. Aitwe mpanga mishono. Wazungu wenyewe zamani waliiita kazi hii "kutoboa", kwa sababu kabla ya kompyuta ruwaza iliandikwa kwa matundu kwenye kadi au utepe wa karatasi. Mfaransa Joseph Marie Jacquard alitumia kadi za namna hiyo kuongoza kitanda cha mfumi mwaka 1804, na miaka ya 1830 Mwingereza Charles Babbage akaazima wazo hilo alipobuni mashine yake ya kukokotoa ambayo hakuwahi kuimaliza. Yaani kompyuta iliazima kwa wafumi kabla wafumi hawajaazima kwa kompyuta. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu Kiswahili kimeliweka wazi kuliko lugha nyingi.

Sasa tulifungue faili lenyewe. Umbo la DST lilianzishwa na kampuni ya Tajima ya Japani, na leo karibu mashine zote za biashara hulisoma. Ndani yake kila hatua ya sindano huandikwa kwa baiti tatu. Kipimo chake ni sehemu ya kumi ya milimita, na hatua moja haiwezi kuzidi milimita 12.1; ikizidi hugawanywa. Mwanzoni mwa faili kuna baiti 512 za utambulisho, na basi. Beji ya mishono 8,000 inachukua kama kilobaiti 24. Picha ileile iliyopigwa kwa simu inaweza kufika megabaiti mbili au tatu, na bado mashine haina habari nayo. Uzito wa faili na manufaa yake ni vitu viwili.

Angalia kisichokuwamo katika DST: rangi. Faili hilo linajua kuwa hapa mashine isimame ibadilishe uzi, lakini halijui uzi uwe wa kijani au mwekundu. Maumbo mengine, kama PES la kampuni ya Brother au JEF la Janome, huhifadhi rangi. (Janome, kwa Kijapani, ni jicho la nyoka, waanzilishi waliona bobini ya duara wakakumbuka jicho hilo. Sina sababu ya kulitaja hapa ila nimelipenda.) Mtu akigeuza PES kuwa DST rangi zinabaki nyuma, na ndiyo sababu beji iliyokuwa ya kijani kwenye skrini inatoka nyekundu kwenye sweta. Mashine haijakosea, imefuata sindano namba moja, na kwenye sindano namba moja ulikuwa umetungwa uzi mwekundu. Dawa yake ni karatasi: rangi ya kwanza hii, ya pili hii, ya tatu hii. Iandikwe kwa lugha ambayo kijana wa duka anaisoma bila kubahatisha. "Maruni" na "zambarau" zikichanganywa, shule mbili zitavaa beji za jirani.

Hasara ya kosa kama hilo inahesabika. Chukua mashine ya nyumbani yenye kichwa kimoja, inayopiga mishono 600 kwa dakika. Beji ya mishono 8,000 itachukua dakika 13 na zaidi kidogo. Weka 14 pamoja na kubadilisha uzi. Sweta 300 ni dakika 4,200, yaani saa 70. Hapo hujahesabu stima kupotea. Mtu anayefanya kazi saa kumi kwa siku ametumia siku saba, na ikiwa rangi ilikosewa mwanzoni siku saba nyingine anazitumia kufumua.

Turudi kwenye kuunganisha, maana fundi wetu ameuliza pia kuhusu kitenzi "kutuma". Dukani kwake kila kitu kinatumwa: tuma kwa flashi, tuma kwa mashine, tuma kwa kompyuta. Kiswahili sanifu kina uchaguzi mzuri zaidi. Faili likitoka kwenye kompyuta kwenda kwenye flashi, unalinakili, kwa kuwa la asili linabaki palepale na nakala inakwenda. Ukiliondoa kabisa hapa na kulipeleka kule, unalihamisha. Ukilipeleka kwa kebo au kwa mawimbi ya Wi-Fi, hapo ndipo unalituma. Fundi wa Embu angejua tofauti ya kunakili na kuhamisha mapema, flashi ingefutwa na beji kumi na moja zingekuwa bado zimelala kwenye kompyuta.

Njia za kuunganisha hutegemea umri wa mashine. Mpya nyingi zina tundu la USB la kuchomeka flashi. Hizi hutaka flashi iliyotayarishwa kwa mtindo wa FAT32, ilhali flashi kubwa za siku hizi, za GB 64 na kuendelea, kwa kawaida huuzwa zikiwa na mtindo mwingine ambao mashine haiutambui. Nunua ndogo. Ya GB 4 au 8 inatosha miaka na miaka. Mashine nyingine za nyumbani huunganishwa moja kwa moja kwa kebo ya USB, na kompyuta huiona mashine kama diski tu, ukanakili faili ndani yake na kungoja kunakili kwishe kabla ya kuchomoa.

Mashine kuukuu ndizo zenye vituko, na ndizo nyingi mikoani kwa sababu ya bei. Zipo zinazotumia kebo yenye pini tisa. Hapo kompyuta na mashine lazima ziwekwe kwenye kasi moja ya mawasiliano, mfano wa watu wawili wanaosomeana namba ya simu: mmoja akisoma haraka kuliko mwenzake anavyoandika, namba itakayoandikwa si ya mtu yeyote. Vipakatalishi vya leo havina tundu la pini tisa, kwa hivyo utahitaji kebo ya kugeuza USB kuwa pini tisa pamoja na programu yake ndogo, iitwayo kiendeshi. Zipo pia zenye mdomo wa disketi, zile za megabaiti 1.44 ambazo vijana wanazijua kama alama ya kuhifadhi kwenye skrini na hawajawahi kuzishika. Disketi moja hubeba zaidi ya beji 50 za ukubwa niliotaja, kwa hivyo ilitosha. Kwa kuwa disketi zenyewe ni adimu, mafundi hung'oa kisomeo chake na kuweka kifaa kinachoigiza disketi kwa flashi: flashi hugawanywa katika vyumba vyenye namba, na mashine huamini kila chumba ni disketi kamili.

Neno jingine la kuangalia ni "kukataa". "Mashine imekataa," husema kila mtu, Embu na kwingineko. Tashihisi hii ni tamu katika ushairi lakini katika ufundi inaficha ugonjwa. Kuna mashine isiyoiona flashi: shida ni mtindo wa flashi au tundu. Kuna inayoiona flashi ila haioni faili: huenda faili ni la umbo lisilolijua, au limewekwa ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine, au ruwaza ni kubwa kuliko fremu. Mashine ndogo yenye eneo la sentimita 10 kwa 10 inaweza kuificha kimya ruwaza ya sentimita 11 bila hata kueleza. Na kuna inayoliona faili lakini hailifungui. Hapo faili limeharibika njiani. Mtu akikupigia simu toka Maua au Runyenjes kuomba msaada, mwulize ni lipi kati ya hayo matatu. Haioni flashi, haioni faili, au haifungui faili? Tusi kwa mashine lingoje.

Kuhusu ngeli, kwa kuwa fundi ameliuliza pembeni: kamusi huliweka faili katika LI-YA, faili hili, mafaili haya. Maongezi ya Kenya husema "faili hii". Katika maandishi mimi nashika LI-YA. "Weka kwa mashine" nalo ni la mazungumzo ya bara. Andika "weka kwenye mashine". Lakini "tuma kwa fundi" ni sawa kabisa, fundi ni mtu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala nzima badala ya jibu fupi. Katika Kikuyu, na katika Kiembu kilicho ndugu yake wa karibu, kushona ni gũtuma. Kutuma mtu au kitu ni gũtũma. Tofauti ni irabu moja tu: u ya kwanza imefumba, ũ ya pili imefunguka kidogo. Lugha hizi, pamoja na Kimeru, zimehifadhi irabu saba za Kibantu cha kale. Kiswahili kimebaki na tano, na mtu angedhani kwamba maneno haya mawili yangegongana kwetu yakawa "tuma" moja. Hayakugongana. Ile u iliyofumba ilikuwa na tabia ya kuibadilisha konsonanti iliyotangulia kabla haijaungana na mwenzake. Ndiyo maana wao wana maguta na sisi mafuta, wao mbura na sisi mvua, wao mũturi na sisi mfua vyuma. Kwa kanuni iyo hiyo, tuma yao ya kushona ni fuma yetu. Tũma yao ya kupeleka ikabaki tuma kwetu, kwa kuwa irabu iliyofunguka haikuigusa t.

Na fuma imetuzalia nini? Imetuzalia mfumi, fumua na mfumo. Mfumo ni namna nyuzi zilivyofumwa kabla ya kuwa mfumo wa elimu au mfumo wa kompyuta. Mtandao nao hauko mbali: mtande ni nyuzi zinazotandwa kwenye kitanda cha mfumi kabla ya kupitishwa mshindio. Kwa hivyo fundi wa Embu anapotuma faili kwenye mfumo kupitia mtandao ili mashine ishone, amesema fuma, tanda na tuma katika pumzi moja, na babu yake angezielewa zote tatu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004, wako waliocheka kwamba lugha ya nazi na karafuu haiwezi kompyuta. Lugha yenye mfumo na mtandao ilikuwa na haki ya kuwacheka wao.

Irabu hizo saba zina matokeo ya kazi pia, tena ya pesa. Vikundi vya kina mama na vya makanisa hutaka jina au kaulimbiu yao itariziwe kwa lugha yao. Herufi zinazokuja ndani ya mashine nyingi zina alama za Kifaransa na Kijerumani lakini hazina ĩ wala ũ. Fundi mwenye haraka huweka i na u za kawaida. Kwenye karatasi kalamu hurekebisha. Kwenye leso arobaini uzi umekwisha kupigwa, na kikundi kilichotaka kusema kinatuma watu kuhubiri sasa kinasema kinawashona. Wengine hukaa kimya na kuvaa. Wengine hawalipi.

Hapa kuunganisha na kompyuta kunasaidia kuliko popote. Ukiandika neno kwenye kompyuta badala ya kwenye vitufe vya mashine, unaweza kutumia fonti yoyote yenye ĩ na ũ na kuigeuza kuwa mishono. Ink/Stitch ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo ndani ya Inkscape, ambayo nayo ni ya bure. Kama fonti uipendayo haina alama hiyo, chora kiwimbi kidogo juu ya herufi kama kitu cha pekee na ukipangie mishono yake. Kisiwe chembamba mno: chini ya milimita moja uzi hukisonga kikawa fundo. Usitarizi herufi zenye kimo cha chini ya milimita 5 ukitegemea kiwimbi kionekane. Na ukitaka kuongeza ukubwa, rudi kwenye faili la asili ukalipange upya. Ukilikuza DST lenyewe kwa zaidi ya asilimia 10 au 20, mara nyingi mishono hutawanyika na kitambaa kinachungulia katikati.

Jina la faili ni habari nyingine kabisa. Humo usiweke ĩ, ũ wala ng' yenye ritifaa, kwa kuwa mashine nyingi za zamani husoma herufi nane za kawaida na tarakimu tu. Shule ya Mang'u iandikwe MANGU1, na kile kikundi cha kina mama kipewe namba. Jina sahihi liandikwe kwa kalamu kwenye ile karatasi ya rangi, na karatasi ibandikwe ukutani juu ya mashine.